Zope ikizidiwa: ubaki na Data.fs, uende ZEO, RelStorage au NEO?

Siku ya matokeo tovuti ya chuo kimoja ililala saa tatu asubuhi. Wanafunzi walikuwa wanabonyeza bila kupumzika, kundi la WhatsApp la idara ya TEHAMA limewaka moto, na mkuu wa idara akaja na uamuzi wake tayari: "Hii hifadhidata yenu ya ajabu tuitoe, tuweke PostgreSQL." Tovuti ilikuwa ya Plone, mfumo wa kuendeshea kurasa za tovuti, juu ya Zope, seva ya programu za wavuti ya Python, data zote ndani ya faili moja iitwayo Data.fs.

Nikafungua logi. ConflictError, makosa ya wawili kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, zinamiminika, na karibu zote zinataja ukurasa mmoja, ule wa matokeo. Kumbe kuna kijana alikuwa ameweka kihesabu cha wageni. Kila mtu akifungua ukurasa, namba inaongezeka moja na kuandikwa ndani ya objekti ya ukurasa wenyewe. Umati uliokuja kusoma ulikuwa umegeuzwa umati wa kuandika, tena wote mahali pamoja. PostgreSQL isingemwokoa mtu. Tulifuta mistari michache ya msimbo, tukawasha upya, tovuti ikaamka.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza ZEO au RelStorage, njia mbili za kuziwezesha Zope nyingi kutumia data moja, nami namuuliza: wanaokuchosha ni wasomaji au waandishi? Asipojua, bado hatujafika kwenye kuchagua.

Mashine yenyewe inavyokwenda

Zope ilitoka kampuni ya Digital Creations ya Fredericksburg, Virginia, Marekani, ambayo mwaka 1998 iliamua kuachia msimbo wake uwe huru. Jina la Jim Fulton utalikuta kila kona ya msimbo wa zamani. Plone ikajengwa juu yake baadaye. Na ukanda wetu una alama yake humo: Bungeni, mfumo wa kuendeshea nyaraka na shughuli za mabunge ya Afrika uliojengwa chini ya Umoja wa Mataifa kutoka Nairobi, ulitumia teknolojia za familia hii.

Kinachowachanganya wageni ni ZODB, hifadhidata yake. Haina majedwali. Inahifadhi objekti za Python kama zilivyo: kila objekti inapewa namba yake ya baiti 8, inakunjwa kuwa mfuatano wa baiti, inaandikwa. Kila muamala, yaani mabadiliko yanayohifadhiwa kwa pamoja, nao una namba ya baiti 8 inayotokana na saa. Hifadhi ya kawaida, FileStorage, haifuti wala haiandiki juu ya kilichopo. Inaongeza mwishoni mwa Data.fs tu, kama daftari la mwenye duka anayejua kwamba kufutafuta kunaleta ugomvi. Ukibadilisha kichwa cha habari mara kumi, nakala zote kumi za objekti ile zimo. Ndiyo maana unaweza kutengua ulichofanya jana, na ndiyo maana faili inanenepa mpaka uipaki. Neno ni kupaki la kupanga mizigo, si la kuegesha gari.

Halafu kuna kache, hifadhi ya haraka ya vilivyokwisha kusomwa, ambayo kwangu mimi ndiyo moyo wa suala zima. Kila uzi wa Zope, yaani mfanyakazi mmoja ndani ya prosesi (programu inayoendeshwa), unaposhika ombi hupewa muunganisho wake na hifadhidata, na kila muunganisho una kache yake ya objekti zilizokwisha kukunjuliwa. Haishirikiwi na uzi wa jirani. Inapimwa kwa idadi ya objekti, si kwa megabaiti, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa: ZODB yenyewe ikiachwa ilivyo huweka 400, Plone kwa kawaida huweka 30,000. Prosesi 4, kila moja nyuzi 2, kache ya 30,000: hizo ni objekti hadi 240,000 kwenye RAM, nyingi zikiwa nakala za vitu vilevile. Objekti iliyomo humo haina gharama. Isiyokuwemo lazima ifuatwe, na ZEO, RelStorage na NEO zinaachana kwenye safari hiyo ya kuifuata.

Jambo la mwisho kabla ya ulinganisho. Python ya kawaida huruhusu uzi mmoja tu kwa wakati kutekeleza msimbo wa Python ndani ya prosesi moja. Ukinunua seva ya viini 16 ukawasha Zope moja, viini 15 vinaota jua. Kuongeza nyuzi kunasaidia pale tu zinapokuwa zinasubiri diski au mtandao. Ili utumie mashine uliyolipia, unahitaji prosesi nyingi, na zote zisome data zilezile.

| | Data zinakaa wapi | Prosesi za Zope | Mzigo kwa mtunza seva |
|---|---|---|---|
| Data.fs peke yake | faili kwenye diski ya mashine | moja | mdogo sana |
| ZEO | Data.fs, nyuma ya seva ya ZEO | nyingi, hata mashine nyingi | mdogo |
| RelStorage | PostgreSQL, MySQL, Oracle au SQLite | nyingi | kama wa hifadhidata uliyochagua |
| NEO | vipande kwenye seva nyingi | nyingi | mkubwa |

Data.fs peke yake

Usiidharau. Kwa tovuti ya taasisi ambayo wahariri wake ni watano na wageni wote hawajaingia kwa nywila, prosesi moja yenye Varnish, programu inayohifadhi kurasa zilizokwisha kutengenezwa, mbele yake inabeba mzigo ambao watu hawauamini. Hakuna mtandao kati ya Zope na data. Kinachokosekana kwenye kache kinatoka kwenye diski moja kwa moja, na mara nyingi kutoka kwenye RAM ambayo Linux imeshaikalia kwa ajili ya faili.

Prosesi ya pili haiingii: faili ya Data.fs.lock itaizuia, na inafanya hivyo kwa faida yako. Lakini kinachowahamisha watu hapa mara nyingi si mzigo. Ni kuwasha upya. Ukisasisha programu-jalizi moja, tovuti inatoweka mpaka Zope imalize kuamka, na Plone si mwepesi wa kuamka. Ukiwa na prosesi mbili unazizima kwa zamu, mgeni hajui kitu. Hiyo peke yake inatosha kukupeleka ZEO hata kama una wageni kumi kwa siku.

ZEO

Hapa Data.fs inabaki vilevile, ila inakabidhiwa seva ndogo ya ZEO, na prosesi za Zope zinakuwa wateja wake kupitia mtandao. Kwa mipangilio mingi ya Plone utaikuta kwenye mlango (port) 8100. Kuhama kutoka hatua ya kwanza ni kubadilisha usanidi tu; data haiguswi. Mtu anayejua anachofanya anamaliza kabla ya chai ya saa nne.

Ukubwa wa ZEO uko kwenye kache yake ya pili. Mbali na kache za nyuzi, kila prosesi ina faili ya kache kwenye diski yake ambayo nyuzi zake zote zinaitumia kwa pamoja. Objekti ikikosekana kwenye uzi, inatafutwa hapo kwanza; ikikosekana na hapo ndipo seva inaulizwa. Ukiacha usanidi kama ulivyokuja, kache hiyo ni MB 20, kipimo cha zama zingine. Nimekuta tovuti za GB nyingi zinaendeshwa kwa MB 20, watu wanalalamika ZEO ni nzito. Ipe MB 200 au 500 kisha urudi kulalamika. Ukiipa na jina, itabaki kwenye diski hata prosesi ikizimwa, hivyo haianzi siku ikiwa tupu.

Mtu akihifadhi kitu, seva ya ZEO huwatumia wateja wote orodha ya namba za objekti zilizobadilika, nao huzitupa nakala zao za zamani. Taarifa inakuja yenyewe, mteja haulizi. Kwa tovuti inayosomwa sana na kuandikwa kidogo, huu ni mpango mzuri ajabu: siku nzima inaweza kupita seva ya ZEO ikiwa imekaa kimya huku Zope sita zikihudumia watu.

Inachokera ni nini? Kwanza, seva ya ZEO yenyewe ni prosesi moja ya Python. Toleo la 5 la mwaka 2016 liliandikwa upya juu ya asyncio na likawa bora, lakini bado mlango ni mmoja. Zope kumi zikiamka kwa pamoja zikiwa na kache tupu, zote zinapanga foleni dirisha moja. Pili, wakati wa kumalizia muamala FileStorage hufungwa kwa wote: mmoja anaandika, wengine wanangoja. Tatu, seva hiyo ikianguka, kila kitu kimeanguka. Kuna ZRS, ambayo hurudufisha Data.fs kwenda mashine ya akiba na ilikuwa ya kulipia mpaka ilipofunguliwa mwaka 2013, lakini kuipandisha mashine ya akiba seva kuu inapokufa ni kazi utakayoipanga mwenyewe.

Na tafadhali, mlango wa ZEO usiwe wazi kwa intaneti. Kinachopita pale ni objekti zilizokunjwa, na Python inapokunjua objekti kutoka kwa mtu asiyeaminika inaweza kutekeleza chochote alichoficha humo. Ufunge kwa firewall, au tumia usimbaji wa SSL uliokuja na toleo la 5.

RelStorage

RelStorage, kazi iliyoanzishwa na Shane Hathaway, inaweka objekti zilezile ndani ya hifadhidata ya SQL. Plone haitambui tofauti. Na hapa lazima nivunje moyo wa watu fulani, akiwemo yule mkuu wa idara: kuweka ZODB ndani ya PostgreSQL hakukupi majedwali ya kuulizia kwa SQL. Ukifungua jedwali liitwalo object_state utakuta namba ya objekti, namba ya muamala, na safu ya baiti zilizokunjwa. Huwezi kuandika SELECT ukapata orodha ya habari za mwezi Machi. Kama hilo ndilo unalolitaka, tazama Newt DB ambayo Jim Fulton aliitengeneza ili iweke nakala ya JSON pembeni ya kila objekti, au kubali kwamba ulichohitaji si Zope.

Sasa faida zake, nazo ni za kweli. PostgreSQL inafungua prosesi kwa kila muunganisho, kwa hiyo wasomaji wengi hawabanani dirisha moja kama kwa ZEO. Toleo la 3, lililokuja na marekebisho makubwa, lilipunguza sana kufuli la kuandikia: miamala inayogusa objekti tofauti haisubiriani kwa sehemu kubwa ya safari. Nami nimeona tofauti hiyo kwenye mfumo wa ndani wenye watu wengi walioingia kwa nywila, wote wakijaza fomu mchana kutwa. Kwenye tovuti ya habari sijaiona, kwa sababu haikuwepo ya kuonekana.

Kache yake inafanana na ya ZEO kwa wazo: moja kwa kila prosesi, nyuzi zote zinashiriki, na inaweza kuhifadhiwa kwenye diski prosesi inapozimwa. Kipimo cha kuanzia ni MB 10, kwa hiyo onyo langu la MB 20 linarudi hapa likiwa kali mara mbili. Tofauti ni jinsi habari za mabadiliko zinavyofika. Hakuna anayekutumia orodha. Kila muamala unapoanza, RelStorage inauliza hifadhidata kuna jipya gani tangu mara ya mwisho. Swali ni fupi, lakini linaulizwa kwa kila ombi, kwa hiyo kama PostgreSQL iko mbali kimtandao utalilipia kila mara. Weka jirani.

Hesabu pia miunganisho. PostgreSQL ikisakinishwa tu inakubali 100. Zope 8 zenye nyuzi 4 ni miunganisho 32 ya kusoma, na kuandika kunaweza kuongeza mingine juu yake. Kama hifadhidata hiyo inatumiwa na mifumo mingine ya ofisi, fanya hesabu kabla, si baada ya simu kuanza kulia.

Utaulizwa uchague kuhifadhi historia au la. Bila historia, kila objekti ina mstari mmoja, jedwali halinenepi ovyo, na kupaki kunabaki kazi ya kukusanya objekti zilizotelekezwa tu. Unachopoteza ni uwezo wa kutengua muamala. Matoleo ya kurasa ambayo mhariri anayaona ndani ya Plone hayapotei, kwa kuwa hayo ni objekti kamili zenye maisha yao. Mimi huchagua bila historia na sijawahi kujuta, ingawa najua wasimamizi wawili waliozoea kutengua makosa ya wahariri ambao hawatanielewa.

SQLite nayo imo tangu toleo la 3. Prosesi kadhaa kwenye mashine moja zinaweza kushiriki faili hiyo bila seva yoyote kusimama katikati. Kwa mashine moja ndogo, ni njia ya kuvutia ambayo watu wachache wanaizungumzia.

NEO, kwa ufupi

Nexedi, kampuni ya Ufaransa inayotengeneza ERP5, mfumo wa kuendeshea biashara, iliandika NEO ili data za ZODB zigawanywe vipande na kusambazwa kwenye seva nyingi, kila kipande kikiwa na nakala zaidi ya moja ukitaka. Kila seva ya hifadhi ina MariaDB au SQLite yake chini, na seva kuu inaratibu. Kama data zako ni kubwa kuliko mashine moja inavyoweza kubeba, au huwezi kuvumilia seva moja kufa, ndiyo yenyewe. Kwa taasisi yenye msimamizi mmoja ambaye pia anatengeneza printa, hapana.

Palipo na ugomvi wa kuandika, zote ni ndugu

Narudi kwenye ConflictError kwa sababu hakuna hata moja kati ya hizi nne inayoiondoa. ZODB haifungi objekti unapoisoma. Wawili wanaweza kuishika na kuibadilisha. Wa kwanza kumaliza ndiye mshindi, wa pili anaambiwa alichosoma kimepitwa. Zope hurudia ombi lake kimyakimya, hadi mara 3 kwa kawaida, na baada ya hapo mgeni anaona kosa. Kwa hiyo mfumo unaweza kuwa unafanya kazi mara mbili au tatu bila mtu kulalamika, CPU tu ndiyo inayojua.

Ndani ya Plone uwanja wa vita ni katalogi, orodha inayotumika kutafutia kurasa. Ukihifadhi ukurasa mmoja, faharasa kadhaa zinaguswa. Faharasa hizo ni miti ya BTree iliyogawanywa ndoo ndogondogo, na ndoo ina akili kidogo: wawili wakiingiza funguo tofauti ndani ya ndoo moja, ZODB inaweza kuzipatanisha bila kurudia ombi. Ikitokea ndoo imejaa na kugawanyika katikati ya ugomvi, upatanisho unashindikana. Waandishi wa katalogi walilijua hili, wakafanya namba mpya za nyaraka zianzie mahali pa kubahatisha kwa kila muunganisho, ili watu wasirundikane ndoo moja. Wewe usiivuruge kazi hiyo kwa kuweka kihesabu kimoja cha mfumo mzima kinachoguswa na kila fomu.

Tiba, kwa uzoefu wangu: kihesabu cha wageni kitoke kabisa, kiende kwenye programu ya takwimu. Data zinazoandikwa kila sekunde, kama logi au kura, ziende jedwali la SQL la kawaida nje ya ZODB. Utafutaji wa maandishi uende Solr, seva ya kutafutia, kama tovuti ni kubwa. Faharasa ya maandishi ndiyo nzito kuliko zote. Uingizaji wa nyaraka maelfu ufanywe usiku, kwa mafungu, na prosesi moja tu. Ukimaliza haya na bado foleni ni ndefu, hapo RelStorage ina hoja.

Mafaili makubwa na bakapu

Picha na PDF hazikai ndani ya Data.fs siku hizi; Plone 4 ya mwaka 2010 ilizihamishia kwenye blobu, mafaili ya kawaida kwenye folda pembeni. Kwa ZEO kwenye mashine moja, hakuna shida. Zope zikiwa mashine tofauti, itabidi folda ishirikiwe kwa NFS, njia ya kushiriki folda kupitia mtandao, au kila mashine ivute blobu kupitia ZEO na kuziweka kwenye kache yake. NFS inafanya kazi mpaka siku inapoganda, na ikiganda inaganda na Zope zako zote. RelStorage inakupa njia nyingine: blobu ndani ya PostgreSQL. Hifadhidata itavimba, lakini utakuwa na kitu kimoja tu cha kutunza.

Hapo ndipo bakapu zinapotofautiana. Kwa Data.fs una repozo, inayochukua nyongeza tu tangu bakapu iliyopita, rahisi na ya kuaminika. Fuata utaratibu: Data.fs kwanza, blobu baadaye, na usipaki katikati. Ukigeuza, unaweza kurudisha hifadhidata inayotaja picha ambayo haimo kwenye folda. Blobu ikizidi moja au mbili haimdhuru mtu. Kwa PostgreSQL yenye blobu ndani, pg_dump inachukua vyote kwa picha moja ya wakati mmoja, na urudufishaji wake wa kawaida unakupa mashine ya akiba bila kujifunza chombo kipya. Kama ofisini kuna mtu anayeijua PostgreSQL vizuri, hii peke yake ni sababu ya kuhamia. Kama hayupo, umeongeza mnyama wa kulisha.

Kupaki kwa Data.fs kunaandika faili mpya pembeni ya ile ya zamani, na ya zamani inabaki kama Data.fs.old. Diski iwe na nafasi ya mbili. Nimeamshwa usiku kwa sababu hii, na sitaeleza zaidi.

Mbele ya Zope

Hii ingepaswa kuwa mwanzoni, lakini hakuna angeendelea kusoma. Kwa tovuti ya umma, Varnish iliyopangwa vizuri inafanya kazi kubwa kuliko chochote nilichotaja. Plone ina kifurushi cha kache kinachotuma amri ya kufuta ukurasa kwenye Varnish mhariri anapouhifadhi, hivyo huogopi habari ya jana kuonekana leo. Plone 6, ya Desemba 2022, inakuja na Volto, sura mpya ya mbele ya tovuti, na hapo kuna prosesi za Node.js nazo zinakula RAM yao. Zipangie kabla hujagawa yote kwa Zope.

Nyuma ya Varnish weka HAProxy, mgawaji wa maombi kwa Zope zako, na uiambie isipeleke kwa Zope maombi mengi kuliko nyuzi zake. Foleni ikae kwa HAProxy, si ndani ya Zope, kwa sababu HAProxy inaweza kumpa ombi yeyote atakayewahi kuwa huru, ilhali Zope ikishalipokea halitoki tena. Halafu tenganisha: Zope moja au mbili kwa wahariri, nyingine kwa wageni, na moja isiyoonekana kwa kazi za usiku. Roboti za utafutaji, ambazo hufungua kurasa za mwaka 2009 ambazo hakuna binadamu anayezisoma na hivyo kufukuza objekti muhimu kwenye kache, zipe Zope yao ziisumbue huko.

Kwa hiyo ningechagua nini

Tovuti ya taasisi, wasomaji wengi, wahariri wachache: ZEO, prosesi moja kwa kila kiini cha CPU, nyuzi mbili kila moja, kache ya ZEO iliyoongezwa, Varnish mbele. Sioni sababu ya kwenda mbali zaidi, na mtu akikuuzia RelStorage kwa tovuti ya namna hii, mwombe akuonyeshe logi kwanza.

Mfumo wa ndani ambao kila mtu ameingia kwa nywila na anaandika: RelStorage juu ya PostgreSQL, bila historia, hasa kama PostgreSQL ipo tayari na ina mlezi. Kama Zope zako ziko kwenye makontena yanayozaliwa na kufa, RelStorage yenye blobu ndani inakuondolea folda ya kushirikiwa, na hilo si dogo. NEO nimeshaisema.

Ukisita kati ya ZEO na RelStorage, anza na ZEO. Chombo cha zodbconvert kinahamisha data kwenda na kurudi, kwa hiyo hujajifungia mlango wowote. Ila ukipitia RelStorage isiyo na historia, Data.fs utakayoirudisha itakuwa na hali ya sasa tu. Chukua nakala ya Data.fs ya wiki iliyopita, ihamishie PostgreSQL kwenye mashine ya majaribio, upime muda unaochukua. Muda huo ndio utakaouandika kwenye tangazo la tovuti kufungwa usiku wa Jumamosi.